Giaboksi ya Pili

Lukyan alipoanza kujenga ngisi, mkewe Ustinya alisema mzee akistaafu hurudia utoto, ila mtoto angalau hachezei vyuma vizito kiasi kile. Banda lililokuwa la ng'ombe lilijaa mabaki ya magari mawili ya Zhiguli: moja la marehemu mjomba, jingine walilikokota kutoka mtaroni likiwa na mti mchanga umeota kwenye buti. Sakafu ikawa nyeusi kwa oili. Ng'ombe alikuwa ameshauzwa, na Ustinya alisema afadhali, maana angekufa kwa aibu.

Nani alianzisha jina hilo la ngisi, hajulikani. Kwetu ziwa Peipus hakuna aliyewahi kumwona ngisi hata wa kuchorwa, lakini kila kijiji cha ufukweni kina magari haya ya kujitengenezea: fremu ya mabomba, injini ya gari lililokufa, viti viwili, na magurudumu manne ya tyubu za lori yaliyovimba hadi kumfika mtu kifuani. Milango hayana. Barafu ikipasuka unaruka, na mwenye mlango huchelewa. Matete, matope, theluji, barafu, kote ngisi anapita, mradi apite polepole. Ukikimbia juu ya barafu, maji ya chini yanainuka wimbi, na wimbi linakupasulia njia mbele ya macho yako.

Lukyan alimhitaji ngisi kwa sababu ya magoti. Maisha yake yote alikuwa akienda kuvua barafuni kwa miguu, akivuta kitoroli cha mtelezo, na sasa magoti yalikuwa yamegoma. Mwanamume wa kwetu anayekaa jikoni majira ya baridi huku wenzake wako ziwani huwa kero kwa mkewe, na Ustinya alishaionja kero hiyo mwaka mzima. Kwa hiyo alikejeli, lakini hakuzuia.

Aliyemsaidia Lukyan ni jirani yake, Saveli, mjane mwenye ndevu nyekundu zilizoanza kufifia. Walikuwa chanda na pete tangu wakiwa watoto wa kuiba karoti. Saveli alikuwa na ufunguo wake wa banda, na kila asubuhi Ustinya aliwasikia wakigombana kwa furaha.

"Umechomelea kama bibi anayeshona soksi!"

"Na wewe unashika spana kama unalisha kuku. Lete hapa!"

Siku moja Ustinya alipowapelekea chai, Saveli alikuwa ameketi juu ya giaboksi, akiipigapiga kama mgongo wa farasi.

"Shemeji, mwambie mumeo aifungie hii kwa kufuli. Ni nzuri kuliko ya gari langu. Siku nikiikosa yangu, nitakuja kuiiba."

"Jaribu uone," Lukyan akasema. "Nitakukata ndevu."

Wakacheka wote watatu. Ustinya alikuja kukikumbuka kicheko kile mara nyingi kuliko alivyotaka.

Vuli ile, vitunguu vikiwa vimeshasukwa na kutundikwa, wale wanaume wawili walikwenda mjini kutafuta tyubu. Lukyan alipokuwa akiondoka, Ustinya alimkalia kooni kuhusu takataka za bandani.

"Heino wa chuma chakavu anapita leo. Nimpe nini?"

"Mpe zilizo karibu na mlango," Lukyan akasema, akili ikiwa kwenye tyubu, akamwachia ufunguo wake.

Heino alikuja na lori lake la mali kwa mali: unampa chuma, anakupa vyombo vya plastiki. Alikunywa chai kwa kikombe cha wageni, akaenda kuvutia sigara nje ya geti kama alivyozoea kwetu, maana imani yetu ya kale haitaki tumbaku uani, kisha akaanza kubeba. Bampa, rimu zilizopinda, mlango wenye kutu. Mwishowe akafika kwenye kitu kizito kilichofungwa gunia, karibu kabisa na mlango.

"Hii giaboksi nayo?"

Ustinya alichungulia ndani. Giaboksi ilikuwemo, imeshafungwa kwenye injini ya ngisi.

"Ile ya kwenye gari iko palepale," akasema. "Sijui hii ni ya nini."

"Mbili za nini? Mumeo anataka kuoa mke wa pili?"

Ustinya akacheka. Gari gani lina giaboksi mbili? Heino akaivua gunia, akaipandisha lorini kwa kuguna, akamchagulia beseni kubwa la bluu, zuri, la kutilia samaki chumvi. Ustinya akaliingiza ndani akijiona ameuza takataka kwa bei ya mfalme.

Ngisi ana giaboksi mbili. Moja inafungwa nyuma ya nyingine, ya kwanza inapunguza mwendo, ya pili inaupunguza tena, ndipo magurudumu yale makubwa yanapozunguka taratibu kwa nguvu ya kung'oa kisiki. Kila mwanamume wa ufukweni analijua hilo. Wanawake hakuna aliyewahi kuwaambia, na Ustinya hakuwahi kuuliza, kwa kuwa aliapa hataki kusikia habari za vyuma mezani.

Lukyan aligundua kesho yake. Ustinya alikuwa kwenye vitunguu aliposikia kelele, akatoka mbio huku akifunga kilemba. Lukyan alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, gunia tupu mkononi, mwekundu hadi masikioni, na Saveli yuko mbele yake.

"Ufunguo tunao wawili tu! Mimi na wewe! Na ulisema kwa mdomo wako kwamba utaiiba!"

"Lukyan, unajua unachosema?"

"Gari lako linakoroma miezi yote hii. Leo asubuhi nimelisikia limetulia kama paka!"

"Nimeongeza oili."

"Oili!" Lukyan akatema chini.

Ustinya alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari: ni mimi, nimempa Heino, kwa ruhusa uliyoitoa mwenyewe ukasahau. Lakini Saveli alikuwa ameshatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya tairi polepole, kama mtu anayeogopa kuuvunja, akaondoka bila kufunga koti. Na majirani walikuwa wamesimama kwenye uzio. Ustinya akafikiri: nikisema sasa nitamvua nguo mume wangu mbele za watu. Nitamwambia jioni, akishapoa.

Jioni Lukyan hakupoa. Alikula kimya, kisha akasema, "Miaka yote ile nimemwita ndugu," na machozi yakamtiririka kwenye ndevu. Ustinya, ambaye katika nyumba ya sala alikuwa wa kwanza kumsahihisha msomaji akikosea silabi, aliona haya. Beseni la bluu lilikuwa palepale mbele yao, limejaa samaki. Akasema atamwambia kesho. Na kesho ina tabia ya kusogea.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, asubuhi moja walikuta giaboksi mlangoni mwa banda, imelazwa juu ya ubao, imesuguliwa ikang'aa. Alama za kitoroli cha mtelezo zilitoka hapo moja kwa moja hadi kwenye geti la Saveli.

"Umeona?" Lukyan akasema, na kwenye sauti yake kulikuwa na ushindi uliomchukiza Ustinya. "Dhamiri imemuuma mwizi. Na ameipiga brashi ili nisiitambue!"

"Huenda si ileile," Ustinya akasema kwa sauti ndogo.

"Si ileile? Kwani giaboksi zinaota kama uyoga?"

Akaifunga siku hiyohiyo. Ngisi akanguruma, akatambaa uani mzimamzima, akapanda juu ya lundo la kuni na kushuka upande wa pili bila kutikisika, Lukyan akiwa juu anacheka peke yake. Alitazama kando, kwenye kiti cha pili, kisha akaacha kucheka.

Siku chache baadaye Ustinya alikutana na Saveli barabarani. Alikuwa akivuta vitunguu kwa kitoroli kuelekea kituo cha basi, yeye aliyezoea kuvipeleka sokoni kwa gari. Nyuma yake, getini kwake, gari lilikuwa limefunikwa turubai, na theluji juu ya turubai haikuwa imeguswa.

"Shemeji, gari lina nini?"

"Limezeeka. Kama mwenyewe." Akatabasamu, halafu akalegeza kamba. "Magoti ya Lukyan hayawezi kutembea barafuni, shemeji. Angekufa kwa kukaa ndani. Mimi basi linanitosha."

Ustinya akaitazama tena turubai, akaelewa.

"Niambie kitu kimoja," Saveli akasema. "Wewe unaamini niliiba?"

"Siamini."

"Basi. Inanitosha hiyo."

Akavuta kamba akaenda zake. Hakukuwa na mtu mwingine barabarani, hakukuwa na uzio wala majirani, hakukuwa na sababu yoyote duniani. Ustinya alisimama akimtazama mpaka alipopinda kona, akajiita majina ambayo hangemruhusu mtu mwingine kumwita.

Majira yale ya baridi Lukyan alikuwa mtu mpya. Alirudi kutoka ziwani na samaki hadi wakakosa pa kuwaweka, na beseni la bluu halikukauka. Kila mtu alimsifu ngisi wake. Mtu akiuliza Saveli alichangia nini, Lukyan alijibu, "Alichangia kurudisha," na watu wakacheka, kwa kuwa kijiji kizima kilishajua habari hiyo. Saveli akawa anavua peke yake karibu na ufuko, kwenye barafu ambayo hata watoto wanaikimbia kwa kukosa samaki.

Ikaja Jumapili ya Kusameheana, ile ya mwisho kabla ya Mfungo Mkuu. Chapati za maziwa zimeshaliwa, na jioni kila mtu anamsujudia kila mtu. Unasema, nisamehe kwa ajili ya Kristo. Anakujibu, Mungu atakusamehe, nami nisamehe. Jibu lina sehemu mbili, na hata mtoto anajua kwamba ya pili ndiyo nzito, kwa sababu ya kwanza unamwachia Mungu kazi.

Nyumba ya sala ilinukia nta na manyoya yenye unyevu. Saveli alivuka kutoka ukuta wa pili, akasimama mbele ya Lukyan, na yeye asiye na kosa akapiga magoti hadi paji la uso likagusa sakafu.

"Nisamehe kwa ajili ya Kristo, Lukyan."

Lukyan alimtazama kisogo.

"Mungu atakusamehe," akasema.

Na akaishia hapo. Saveli alibaki chini muda, akingoja nusu iliyobaki. Kisha akainuka kwa kushika ukuta. Alipompita Ustinya, aliinama kidogo kama kwa mtu anayemjua, na Ustinya akatazama mishumaa. Alijua kabisa kwamba ndiyo nafasi yenyewe. Midomo ilifunguka na kufungika, mwanamke aliyesimama karibu akadhani anasali.

Saveli alifariki katikati ya mfungo, barafu ikiwa imeanza kuwa ya kijivu. Moyo, walisema. Walimkuta kwenye chumba cha vitunguu, msuko ambao haujamalizika ukiwa mapajani. Mtu wa kumlilia hakuwa naye, kwa hiyo majirani ndio waliomwosha, wakachonga jeneza, na Ustinya akapika.

Siku ya mazishi, gari lake lilikuwa limeziba geti, na jeneza haliwezi kupita. Wanaume wakaondoa turubai.

"Lukyan, wewe ingia uliongoze, sisi tusukume."

Ustinya alikuwa mlangoni na sufuria mikononi. Alimwona mumewe akiingia, akiweka mkono kwenye fimbo ili atoe gia, na mkono ukaenda wote pamoja na fimbo, kushoto, kulia, ukizunguka bila kushika chochote, kama mwiko kwenye chungu kitupu. Lukyan akajaribu tena. Halafu akatoka, akalala chali kwenye theluji iliyoyeyuka na nguo zake za mazishi, akaingiza kichwa chini ya gari.

Alikaa huko muda mrefu. Waliokuwa wakisukuma wakaanza kuulizana kama naye moyo umesimama. Alipoinuka, mgongo wote ulikuwa matope. Alimwendea mkewe.

"Ustinya. Giaboksi ya gari hili iko wapi?"

"Iko kwenye ngisi."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na yangu?"

Sufuria ilikuwa nzito. Ustinya aliiweka chini kwanza.

"Nilimpa Heino. Ilikuwa karibu na mlango, nikadhani ni ya ziada. Akanipa beseni."

Alisema kwa sauti, wote wasikie, kwa kuwa angalau hilo alikuwa amelikusudia usiku kucha. Lukyan alimtazama kama mtu anayesomewa jambo kwa lugha ngeni, kisha akaingia ndani, na Ustinya akamfuata.

Saveli alikuwa amelala kwa utulivu, ndevu zimechanwa. Lukyan akashuka juu ya magoti yale mabovu, moja baada ya jingine, hadi paji la uso likagusa mbao.

"Nisamehe kwa ajili ya Kristo, Saveli."

Alibaki chini. Kwa desturi aliyesujudu haondoki mpaka ajibiwe, na ni kama mwili wake ulikuwa umesahau kwamba safari hii hakuna wa kujibu. Wanaume wawili ndio waliomshika makwapa wakamwinua.

Ndipo Ustinya naye akapiga magoti, si kwa maiti tu. Alimsujudia Saveli, kisha akageuka palepale sakafuni, akamsujudia mumewe.

"Nisamehe kwa ajili ya Kristo, Lukyan."

Mbao zilikuwa baridi na zilinukia vitunguu. Alisikia pumzi ya mumewe juu yake, nzito, na nje mtu akiliondoa gari getini kwa kulikokota.

"Mungu atakusamehe," Lukyan akasema.

Ustinya akabaki chini, akingoja.