Kikifia Mikononi Mwetu

Wifi yangu aliingia kliniki asubuhi ile bila harufu yoyote. Mimi ndiye niliyemkataza manukato, kwa sababu hewa yenye marashi hudhuru viinitete, yaani mimba changa tunazozitunga nje ya tumbo, na sisi wa maabara huoga kwa sabuni isiyonukia. Lakini kwa mtu niliyezoea kumtambua kwa manukato yake kabla hajapita mlango, alikuwa kama mgeni.

"Nimejikaza kisabuni," aliniambia, mkono tumboni. Alikuwa ameagizwa anywe maji mengi bila kwenda haja, ili kizazi kionekane vizuri kwenye picha. Akaongeza kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na huyo mtoto kama anataka mama mwenye adabu, afanye haraka.

Nilicheka, ingawa roho ilikuwa mkononi. Kiinitete kilikuwa kimebaki kimoja, kimegandishwa. Viwili vilivyotangulia viliwekwa tumboni na havikushika, na mara zote mama yangu alisema tumbo lile halina makao. Juzi, tukimenya viazi jikoni, aliniambia kwamba hiki nacho kikitoka, atazungumza na kaka habari ya mke mwingine. Wifi alikuwa sebuleni. Mlango ulikuwa wazi.

Kwetu maabara, kazi inayomhusu ndugu yako huigusi. Kwa hiyo aliyekiyeyusha ni mkuu wangu, mzee tuliyempa jina la Hadubini kwa jinsi anavyokodoa macho. Mimi nilikuwa shahidi tu: yeye anasoma jina kwenye mrija, mimi nalilinganisha na la kwenye kisahani na kulitamka kwa sauti. Aliutoa mrija kwenye pipa la baridi kali, akauzamisha kwenye maji ya dawa yenye joto. Kiinitete kikatoka kimenywea kama zabibu kavu. Vyote hutoka hivyo, kisha hunyonya maji na kuvimba tena.

Hiki hakikuvimba. Upande mmoja ulianza kung'aa taratibu, mwingine ukabaki na giza.

"Unaona nini?" Hadubini aliniuliza.

"Nasubiri."

"Sikukuuliza unasubiri nini."

Nikasema nusu imekufa. Akaitikia kwa kichwa. Alisema angetoboa ganda lake kwa leza, ili nusu iliyo hai isihangaike kutoka, na kwamba amewahi kuona nusu ya namna hiyo ikawa mtoto, ila si mara nyingi. Lakini lazima mwenyewe aulizwe kwanza. Nikaomba niende mimi, maana hata kama angetumwa mwingine, Wifi angeniita aniulize mimi.

Nilimkuta kitandani, peke yake. Kaka alikuwa ameachwa nje kwenye mabenchi.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema kabla sijafungua mdomo.

Nikamwambia yote. Akaniuliza kwa upole kama inaruhusiwa kukataa. Nikasema inaruhusiwa.

"Kikiwekwa kikatoka, ni tumbo langu," alisema. "Kikifia kwenu, ni nyinyi. Mama hatakuwa na la kunisema."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Siku zote nilikuwa nikipima joto, hewa na mwanga. Jiko letu la nyumbani sikulipima.

"Wifi, kimeshaumia kwetu," nilisema. "Mikononi mwetu, mimi nikiona. Kishike kisishike, mama nitamwambia hivyo."

"Wewe? Unayeogopa hata kumwomba chumvi?"

"Mimi."

Alifumba macho. "Basi wakiweke. Na wafanye haraka, nisije nikawaaibisha."

Hadubini alitoboa ganda. Daktari alipokuwa tayari, nilitamka jina la Wifi kwa sauti, na sauti ikanikatika katikati. Nikaambiwa nirudie. Nikarudia.

Mchana mama alipiga simu kuuliza kama kimewekwa. Nikasema kimewekwa, ila nusu yake ilifia mikononi mwetu, na kisiposhika asilitazame tumbo la mtu.

Upande wake nilisikia bomba likitiririka kwenye sufuria mpaka maji yakamwagika.

"Kumbe nilikusomesha," alisema, "uniulie wajukuu."

Aliendelea kunisema mimi, si Wifi. Nilikuwa nimesimama koridoni, karibu na mlango ambao nyuma yake Wifi alikuwa amelala. Nikaiacha simu sikioni, sikumkatiza, mpaka alipomaliza.