Kiganja cha Kamanda Kutu

Kila Jumamosi jioni saluni ya msusi yule iligeuka baraza. Wenye nywele za kusukwa na wasio nazo walijazana humo kutazama *Kituo cha Mwisho Angani*, tamthilia ya chombo cha anga cha mbao za makasha na vitufe vya vizibo vya soda. Usione vyaelea, vimeundwa, na hiki kiliundwa kwa gundi na dua. Lakini ole wako ucheke! Watu wale walimpenda Kamanda Kutu kama ndugu wa tumbo moja.

Kutu hakuvua kofia yake ya chuma hata siku moja. Na chuma chenyewe, tuambiane ukweli, kilikuwa ndoo ya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Kila alipofika mlangoni aliweka kiganja juu ya fremu, akainamisha kichwa, akasimama kidogo, ndipo akaingia. Hapo ndipo mabishano yalipoanzia. Fundi simu wa duka la pili alishikilia kwamba Kutu ni kipofu. Mama Pacha, mteja asiyekosa, alisema anawaombea waliokufa mle ndani.

Msusi aliendelea kusuka. Aliyekuwa ndani ya ndoo ile ni mumewe. Majirani walimjua kuwa fundi rangi, na ndivyo alivyokuwa: alikwenda studio kupaka rangi chombo, wakampenda kwa urefu wake, wakamvika ndoo na kumwapisha asiseme. Jumamosi alikaa benchi la nyuma, akabishana na watu juu ya siri zake mwenyewe huku akimkonyeza mkewe. Kiganja? Mtu mrefu amejigonga milangoni tangu utoto, afanyeje!

Alipofariki kwa homa ya mapafu, majirani walimzika fundi rangi, wakalia naye msusi, wakamwoshea vyombo. Mwongozaji wa tamthilia naye alikuja, na ombi mkononi.

"Shemeji, wakubwa wa televisheni wakijua Kutu hayupo watatufungia. Wenzake wote watakosa kazi. Nakuomba, kaa nalo moyoni."

Akakaa nalo. Ndoo akavishwa mwingine, mfupi, naye akapita milangoni wima bila kugusa kitu.

Wee! Saluni ikawaka moto.

"Huyu siye!" Fundi simu alipanda juu ya benchi. "Kutu wa kweli ametekwa! Yuko mahali, anatungoja!"

Mama Pacha alikula kiapo kwamba wamemfungia mwezini. Msusi akainama, akajifanya anatafuta kitana. Maneno yao yalimchoma, lakini, nisiseme uongo, yalimfariji vilevile. Kulikuwa na watu duniani waliouliza: yuko wapi? Wiki nenda wiki rudi waliuliza, naye akawa anaingoja Jumamosi kuliko wao.

Kelele hazikuishia saluni. Watazamaji walipiga simu televisheni mpaka mwongozaji akarudi, safari hii na yule mfupi, viatu vimeongezwa soli za kandambili.

"Mfundishe ile ishara ya mlangoni, shemeji. Tumeitazama mikanda yote, hatupati."

Angeweza kukataa. Nguo za marehemu ndugu walishagawana. Kiganja kile ndicho alichobaki nacho. Lakini roho ilitamani akione tena, japo mara moja. Akamsimamisha mgeni kwenye mlango wa nyumba yake.

"Siyo vidole. Kiganja chote. Inama. Sasa subiri."

"Nasubiri nini, dada?"

Msusi akautazama mlango. "Nyumbani alikuwa anasubiri nimwambie pita."

Ndio uliokuwa utani wao tangu walipooana: mume anasimama nje kama mgeni mpaka mwenye nyumba amkaribishe. Yule mfupi, maskini, alikuwa msikivu. Alirudia na kurudia, msusi akimsahihisha bega na shingo, mpaka akapata.

Jumamosi ikafika. Kwenye televisheni Kutu akaujia mlango. Kiganja. Kichwa. Akasimama.

"Pita," msusi alisema, neno likimponyoka.

Hakuna aliyemsikia, saluni ilikuwa imelipuka. "Amerudi! Si nilisema?" Fundi simu, jitu zima, alilia machozi. Mama Pacha aliruka, nusu ya kichwa haijasukwa, akamkumbatia kila aliyemfikia. Msusi alikodoa macho, akatafuta penye kasoro ili aseme moyoni, huyu siye. Hakupaona. Alikuwa amefundisha sawasawa.

"Dada, mbona umenuna? Mtu wetu kapatikana!" Mama Pacha alimshangaa.

"Nimemwona," alijibu, akakiokota kitana kilichomdondoka. "Kaa nimalize nywele zako."

Jumamosi iliyofuata walibishana kama mpishi wa chombo ni jasusi. Msusi alisubiri hadi tamthilia ikaisha, kisha akasubiri wakiaga mmoja mmoja mlangoni. Hakuna aliyemuulizia Kutu tena.