Jogoo wa Siku ya Kumi na Tisa

Watu wa Rissne, huku Sweden, wanaozungumza Kiswahili, wawe Wakongo, Wakenya au Warundi, wana kanuni moja kuhusu Papa Vénant: akikwambia jambo, ligawe mara mbili, nusu mrudishie mwenyewe, na nusu ya pili ilaze usiku mmoja kabla hujaitumia. Ni yeye aliyesimulia baada ya ibada, kikombe cha kahawa mkononi, kwamba majira yake ya kwanza ya baridi alimkuta älg, yule mnyama wa huku mwenye pembe pana kama beleshi, amesimama stesheni ya Jakobsberg akingoja treni. Wakasalimiana. Mnyama akalalamika kwamba treni imechelewa tena.

"Na tiketi alikuwa nayo?" akauliza Mwaura, Mkenya wa kwaya.

"Ya mwezi," akajibu Papa Vénant bila kupepesa. "Bei ya wazee. Nilimwuliza umri, akakasirika."

Basi ndivyo alivyokuwa. Umri wake mwenyewe ulikuwa sabini na mmoja. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na miwili, akastaafu; mkewe alikwisha kutangulia, na watoto hawakujaliwa. Aliyebaki naye duniani ni Pélagie, binti wa marehemu rafiki yake Zakayo, aliyekuwa akimletea sufuria ya maharage kila Jumatano na kumfokea kwa kutomeza vidonge vya presha. Na kwa Pélagie ndiko alikokuwa ameweka uongo wake mmoja ambao hakuna aliyewahi kuugawa mara mbili.

Uongo wenyewe ulikuwa hivi. Zakayo, wakati wa vita, walipokuwa wakikimbia kupitia msituni, alishikwa na homa. Wakamfikisha Misheni ya Nabintu. Akafa kitandani, mkono wake umo katika mkono wa Vénant. Akazikwa nyuma ya kanisa, chini ya mikaratusi, padri akasoma, masista wakaimba beti zote za wimbo bila kuruka hata mmoja. Papa Vénant alimweleza hayo mjane wa Zakayo mwaka ule mama na binti walipofika Sweden, jikoni, Pélagie akiwa na miaka kumi na mitano amesimama mlangoni. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza ni beti zipi, akatajiwa. Kisha akavuta sahani akala, na bintiye akashangaa, maana hakuwa amemwona mama yake akimaliza chakula kwa muda mrefu. Mama yule alikufa miaka tisa baadaye, ametulia, kwa sababu ya kaburi lile.

Nabintu lilikuwa jina la shangazi yake Vénant. Muuza ndizi. Misheni hakuwahi kuwa nayo, wala kaburi la kumpa mtu.

Jumatano moja ya mwezi wa tisa, Pélagie alitua sufuria, hakuvua koti.

"Papa Vénant, nimekata tiketi. Jumapili naruka mpaka Kigali, halafu navuka mpaka kuingia Kongo. Nataka kumwekea baba jiwe."

Mzee akafungua kifuniko cha sufuria, akakifunga.

"Jiwe," akasema.

"Jiwe lenye jina. Uniandikie barua kwa padri wa hapo, anionyeshe mahali. Maana kwenye simu nimetafuta Nabintu, siioni."

"Simu inajua nini, mwanangu? Simu yangu haijui hata nilipoweka miwani."

Pélagie akacheka, akambusu kwenye upara, akaondoka kuwahi treni. Papa Vénant akachukua karatasi, akaandika *Mheshimiwa Padri*, na hapo barua ikasimama mpaka Ijumaa.

Ila kichwa chake hakikusimama. Kufikia Alhamisi jioni kilikuwa kimetengeneza kitu kipya, na kizuri: misheni ilichomwa moto, makaburi yakafukiwa na barabara, padri wa zamani amekufa, hakuna wa kuuliza. Akakipima huku na huku, akaona kinashika. Atamwambia Ijumaa.

Pélagie alikuwa mwalimu wa chekechea, na kila Ijumaa darasa lake lilikwenda msitu wa Ursvik, mwendo mfupi tu kutoka nyumba za Rissne. Papa Vénant aliruhusiwa kufuatana nao kama babu wa hadithi. Watoto kumi na wawili, vizibao vya manjano, buti za mpira. Walimwita farbror, yaani ami, na kumdai hadithi za wanyama. Ijumaa ile hawakupata mnyama. Pélagie aliwakusanya penye miamba, akawaambia leo tunajifunza kupotea.

Aliwaeleza kwa Kiswidi, polepole. Ukigundua umepotea, chagua mti. Ukumbatie. Upe jina, uzungumze nao, uimbie. Usiondoke hapo hata ukiona njia nzuri, kwa sababu anayetembea anawakimbia wanaomtafuta. Hofu itakwambia kimbia. Wewe uambie mti kwamba huiamini hofu. Kichwa kikitulia, mwili unapata joto, na usiku unakuwa mfupi.

Watoto wakatawanyika, kila mmoja akakumbatia wake. Misonobari ya Ursvik ikapewa majina ya mbwa na ya bibi. Kitoto kimoja cha miaka mitano, Josefin, kikageuza shavu kutoka kwenye gome.

"Na wasipokuja?"

"Wanakuja," akasema Pélagie. "Wakubwa wanakuja siku zote. Kazi yako ni kungoja tu."

"Farbror, wewe umewahi kupotea?"

Siku nyingine yoyote Papa Vénant angewapa chui, mto na daraja la nyani. Alifungua kinywa. Kisha akaenda kukaa juu ya gogo, mgongo kwa watoto.

Pélagie akamfuata na chupa ya kahawa.

"Leo umemeza ulimi? Au ni presha? Vidonge umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Uongo."

"Kimoja nimekunywa." Akapokea kikombe, hakukinywa. "Hilo unalowafundisha, la kukaa. Ni la huku. Sisi kwetu aliyekaa ndiye aliyekufa."

"Huku kuna helikopta, Papa. Na watu wa kujitolea, wanaopita msituni wameshikana mikono."

"Ndiyo. Kwetu hapakuwa na anayetutafuta kwa mema. Tulikuwa tisa. Unajua nini kinachoua msituni? Si njaa. Njaa ni polepole, ina adabu. Na miguu haichoki, mama; kinachochoka ni sababu. Siku ya nne watu walianza kukaa. Mtu akikaa, anaanza kutazama viganja vyake. Akishaanza kutazama viganja, umempoteza. Wawili walikuwa wamefikia hapo. Sasa mimi nikafanya nini? Siku ya tano niliamka kabla ya wote, nikasema: nimesikia jogoo."

"Jogoo."

"Jogoo ni kijiji. Kijiji ni mihogo, ni moto, ni mtu wa kukuuliza umetoka wapi. Wakainuka wote. Kesho yake nikamsikia tena. Kila asubuhi nilimsikia. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hawakutembea na mimi."

Pélagie akatabasamu, kama mtu anayesubiri hadithi ifike kwenye kichekesho chake.

"Na hawakujua?"

"Walijua. Siku ya saba Mama Léontine aliniambia, jogoo wako leo ameimba vibaya, mwambie arudie. Walijua, na walitembea. Ilitosha kwamba kuna mtu anasema. Aliyeamini alikuwa mmoja." Akaweka kikombe juu ya gogo. "Baba yako. Na kwa sababu aliamini ndiye aliyekuwa na nguvu kutushinda sote. Alibeba mizigo ya wengine. Aliimba. Alipanga atakula nini kwanza."

"Halafu akashikwa na homa."

Hapa ndipo ile misheni iliyoungua ilipokuja kusimama mdomoni, kamili, imevaa nguo. Nyuma yao mtoto mmoja alikuwa akiuimbia mti wimbo wa siku ya kuzaliwa.

"Hapana," akasema Papa Vénant. "Mguu uliharibika. Siku ya kumi na tisa hakuweza kuukanyaga, na sisi hatukuwa na mtu wa kumbeba mtu. Akaniuliza, Vénant, jogoo umemsikia? Nikamwambia nimemsikia, karibu kabisa leo. Wewe kaa hapa penye mti huu, ifikapo saa sita tutarudi na wanaume na machela. Akakaa. Akavua viatu vyake akanipa, vyangu vilikuwa vimekwisha. Akasema vaa uwahi, mimi nitabebwa."

Pélagie akafunga chupa ya kahawa.

"Kijiji tulikifikia baada ya siku sita. Kilikuwa kimehamwa. Hatukurudi."

"Na misheni?"

"Nabintu ni shangazi yangu."

Upepo ulipita juu, kwenye vilele, chini haukufika. Mtoto mmoja akapaza sauti, kwa Kiswidi, anauliza kama sasa wanaweza kuachia miti. Pélagie akajibu, kwa sauti yake ya kazi, isiyo na ufa hata mmoja: bado kidogo.

"Mama Léontine anajua?" akauliza.

"Anajua."

"Ndiye aliyenisuka nywele siku ya ubatizo. Mama yangu je?"

"Hakujua."

"Mimi nilikuwa namwambia mama usilie, angalau baba ana mahali." Alisema taratibu, kama anayesoma maandishi ya mtu mwingine. "Kila mwaka. Angalau ana mahali."

"Mwanangu, ningekwambia nini? Ulikuwa na miaka kumi na mitano."

"Sasa nina miaka thelathini na minne."

Akasimama, akajipangusa magamba ya miti kwenye suruali, akapiga makofi mawili. Watoto wakaachia miti wakaja mbio. Akawahesabu akiwagusa kichwani mmoja mmoja, akarudia kuhesabu ingawa walikuwa sawa. Njiani alitembea mbele, mzee nyuma, na hakugeuka. Walipofika kwenye geti la chekechea alisema, bila kumtazama usoni:

"Jumapili usinisindikize. Nitamwambia mwenyewe Mwaura anipeleke kwa gari lake."

Jumamosi simu ililia kutoka Jakobsberg. Alikuwa Mama Léontine, na hakusalimia.

"Bwana, umefanya nini? Mtoto wa Zakayo amekuja hapa jana, amekaa kwenye kiti changu saa nzima, hajanywa hata maji. Ananitazama tu. Miaka yote hii tumefunga mdomo, wewe, mwongo mkubwa kuliko wote, ndiye unafungua?"

"Angekwenda kupiga magoti kwenye shamba la mtu, Léontine. Na jiwe mkononi."

"Si ungesema pamechomwa moto? Hilo hata mimi mjinga ningelipata."

"Nilikuwa nalo."

"Sasa?"

"Mtoto mmoja aliuliza, wasipokuja je."

Papa Vénant akasikia Mama Léontine akifunga mlango.

"Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye mstari siku ile," akasema. "Niligeuka nyuma. Alinipungia mkono. Hilo sijamwambia, na sitamwambia." Akakata.

Jumapili kanisani waliona hayupo, wakasema mzee ana mafua. Alikuwa nyumbani, amevaa suti, maana alikuwa ameivaa kabla hajakumbuka kwamba haendi uwanja wa ndege wa Arlanda wala popote. Maharage ya Jumatano yalikuwa yamechacha kwenye sufuria. Aliyamwaga, akaiosha sufuria, akaikausha, akaiweka karibu na mlango pale Pélagie alipozoea kuichukua. Baadaye akaitoa hapo, akaona haya.

Saa nane mchana simu ikatetemeka mezani. Pélagie alikuwa ameandika:

*Niko uwanjani. Nakwenda. Misheni haipo lakini msitu upo. Jina la mto wa mwisho mliouvuka nimepewa na Mama Léontine. Nataka kitu kimoja kwako, na usinipambie. Alisema nini mwisho?*

Papa Vénant akatafuta miwani, akaipata kichwani. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: *Alisema nikutunze.* Akaisoma. Ilikuwa sentensi nzuri, sentensi ya kupanda nayo ndege. Akaifuta. Akaandika: *Alitaja jina lako mara mbili, akasema.* Hiyo nayo ilikuwa nzuri zaidi, na hata hakuhitaji kufikiri, ilikuja yenyewe, kama zinavyokuja zote. Akaifuta hiyo pia.

Ukweli ulikuwa mdogo mno. Zakayo alikuwa ameegemeza mgongo kwenye mti, amenyoosha miguu mbele, ule mzima na ule mbovu, kama baba mwenye nyumba anayengoja chakula kipakuliwe. Hakuwa na huzuni. Hakumtaja mtu, mtu gani atajwe na mtu anayerudiwa saa sita? Alikuwa akitazama viatu vyake kwenye miguu ya mwenzake, akacheka kwamba vinampwaya. Halafu walipoanza kuondoka akawaambia neno moja.

Papa Vénant akaliandika:

*Msikawie.*

Alitaka kuongeza kitu chini yake. Kwamba alilisema akicheka. Kwamba hawakuwa na nguvu. Kwamba viatu vile alivivaa mpaka vikaoza na hakuvitupa. Akaliacha neno lilivyo, akatuma.

Zikatokea alama mbili za kijivu, na baada ya muda zikageuka buluu. Amesoma. Akaiweka simu mezani, uso juu, akavuta kiti, akakaa kungoja.