Mto Ndio Mpaka

Wageni wakiuita mfereji, tunawanunia. Ni mto. Unatoka kwenye chemchemi nyuma ya shule, mahali ambapo maji bado yanaonyesha mawe ya chini, kisha unapita chini ya barabara kuu ndani ya kalavati, na ukitokea upande wa pili unakutana na vijana wanaoosha magari. Hapo ndipo unapoharibikiwa. Kwetu ulikuwa unafika umechoka, una mapovu na chupa, na upana wake mtu mzima angeweza kuuruka akiwa na hasira za kutosha. Ukishatupita sisi ulikuwa unaingia kwenye mabwawa ya majitaka, na habari yake inaishia hapo.

Marehemu baba alikuwa seremala, tena mbishi. Zamani mto ulipita pale lilipo jiko letu leo. Yeye na wenzake wakauchimbia njia mpya huko chini, akapata uwanja wa karakana. Kiwanja chake kikawa pande mbili, mto katikati. Sasa sikilizeni ajabu: mtu huyohuyo aliyeuhamisha mto kwa jembe, alipokaribia kufa alikataa kuita mpima ardhi. "Wapima wanahongwa," alisema. "Huku kwa mkubwa, kule kwa mdogo, mto ndio mpaka. Mto hauli rushwa."

Hauli rushwa, baba, lakini kifusi unakula!

Mimi ni wa kati, fundi cherehani, nimeachika, na ninaishi upande huu na mama, kwa kaka yetu mkubwa anayechomelea mageti. Mdogo wetu, kitindamimba, ni mwashi, na mwashi hakosi kifusi. Kila alipobomoa ukuta wa watu alileta toroli lake akamwaga ukingoni kwake, na mto ukasogea kwetu kidogo. Kaka naye akamjibu kwa vyuma chakavu na mabati, mto ukarudi. Kila mmoja alidai analinda ukingo wake. Ulinzi gani huo? Mto ukabaki mwembamba kama mshipi, na mvua kubwa ilipokuja maji yalikosa pa kwenda, yakaingia chumbani kwa mama, yakalowesha godoro yeye akiwa juu yake.

Kaka alichukua msumeno akaikata nguzo tuliyokuwa tunavukia. Mdogo, akiwa ng'ambo, akaapa hatakanyaga tena ardhi ya kaka yake. Nikawaendea majirani waje kusuluhisha. Wakasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakaenda kulima, na miaka ikapita.

Mama alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: wanawe wawili wakae naye chumba kimoja, wale sahani moja. Nilimwambia, "Mama, nikodi gari tuzungukie barabarani, ukamwone."

Aling'aka. "Nibebwe kama gunia kwenda kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe? Ana miguu, aje. Damu nzito kuliko maji."

Basi kila asubuhi nilimtolea kiti barazani. Mdogo wetu alipiga mswaki uani kwake, akainua kikombe, na mama akainua mkono. Ni hivyo tu. Lakini siku nzima nilisimuliwa: amekonda, amenyoa, lile shati nani kamfulia vibaya vile?

Halafu wakubwa wa maji wakaleta bomba. Wakauingiza mto wote humo, kule karibu na kalavati, wakaupeleka mabwawani kwa njia ya mkato. Kwetu ukabaki mtaro mkavu, unanuka vyura waliokufa. Mimi nililia, nisifiche. Mama alifurahi. "Sasa kimebaki nini cha kumzuia? Fagia chumba." Nikafagia, nikapanga viti viwili kando ya kitanda chake.

Na kweli akaja! Jumamosi moja mdogo wetu alishuka mtaroni, na kaka akatoka kumlaki. Wakipatana, chukua kapu ukavune, ndivyo msemo unavyomalizika, nami nikakimbia na kapu langu. Nikamwona mdogo ameshika kamba na vigingi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Katikati ni wapi?"

"Ndiyo nimekuja tupime."

Wakashika kamba ileile, huyu mwisho huu, yule mwisho ule, wakiinama pamoja kama zamani walipokuwa wakiiba miwa ya watu. Barazani mama alikuwa analia kwa furaha. "Wamepatana. Sikukwambia?"

Nikarudisha kapu jikoni. Kaka alitoa nondo, mdogo akatoa matofali. Sijapata kuona watu wakisaidiana vile: leta zege, chukua, pole, taratibu na mgongo wako. Mama akasema, "Wananijengea chumba katikati, nisigombaniwe. Wapikie cha kutosha." Nikapika. Kila mmoja akala upande wake.

Uvumilivu ukanishinda. "Nyie wanaume mna akili kweli? Mama anawasubiri! Viti vimeshapangwa!"

"Tukimaliza," kaka alisema.

"Dada, tukimaliza huu hakutakuwa na ugomvi tena," mdogo akasema, na alisema kwa upendo kabisa. Hapo ndipo nilipojua kwamba yamekwisha.

Walimaliza. Ukuta mrefu kuliko mtu, umenyooka, juu umepandwa vipande vya chupa. Walishikana mikono kupongezana, kisha kila mmoja akaingia kwake.

Kesho yake mama aliomba kiti chake kama kawaida. Nikamtolea. Tulimsikia mdogo akisukutua, maji yakimwagika uani kwake. Mama akainua mkono, akauacha hewani kitambo, akaushusha mapajani.

"Ukuta mzuri," alisema. "Na zile kuta nyingine tatu, wanaanza lini?"

"Kesho, mama."

Akaridhika. Nikaingia chumbani nikavitoa vile viti viwili.