Vipimo vya Mteja Mwaminifu

Ujumbe uliingia asubuhi Fundi akiwa na pini tatu mdomoni, na hiyo ndiyo sababu hakupiga kelele. Tableti ililia kidogo juu ya meza ya kukatia. Akainama, akasoma: "Mteja wetu mwaminifu, kuanzia mwisho wa mwezi huu hatutahudumia tena kifaa chako. Kitaendelea kuwaka kama kawaida, ila hatutawajibika kwa usalama wa kumbukumbu zilizomo. Asante kwa kuwa nasi miaka yote hii."

Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa shati lake, akasoma tena. Kitaendelea kuwaka. Ila hatutawajibika. Sasa mtu ashike lipi, aache lipi? Kama kinawaka, kimekufaje? Na kama kimekufa, mbona kinawaka?

Tableti yenyewe haikuwa ya kuchezea michezo. Fundi alishona nguo za kike na za kiume katika chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, na kwa miaka tisa vipimo vya wateja wake wote, mia mbili na ushee, vilikaa humo: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, pamoja na picha ya mwenyewe amesimama mbele ya pazia siku ya kwanza. Mlangoni alitundika kibao: TUNAPIMA MARA MOJA TU. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake. Mteja hapotezi muda kuja kuinua mikono kama aliyekamatwa. Anapiga simu, anachagua kitambaa, anatajiwa siku, anapita kuchukua. Wengi hata hawakuingia nyuma ya pazia kujaribu. "Nitajaribia nyumbani, Fundi. Mkono wako nauamini," walisema, na yeye alivimba kichwa wiki nzima.

Kampuni iliyotengeneza tableti ile nayo aliipenda, sijui nisemeje, kama mtu anavyoipenda timu ya mpira. Aliishonea kifuko cha kitambaa cha suti chenye bitana ya hariri. Shemeji yake aliwahi kuthubutu kusema kwamba za kampuni nyingine ni bora zaidi, wakanuniana miezi miwili. "Mimi na hawa watu ni kufa na kuzikana," Fundi alimwambia kila aliyeuliza, na wengine ambao hawakuuliza.

Mchana alikwenda nyumbani kula, akampa mkewe ujumbe ausome. Mkewe alifanya kazi dirishani posta, barua za kila aina amezizoea.

"Wamekuacha," mkewe akasema.

"Wameniacha vipi, na hapo wameniita mwaminifu?"

"Baba, hata mimi siku nikikuacha nitakuandikia hivyo hivyo."

Akacheka. Fundi hakucheka. Alirudi kazini akanunua daftari nene, akaanza kunakili jina moja baada ya jingine, maana kama kumbukumbu hazina wa kuzilinda, heri azihamishe mwenyewe kabla mwezi haujaisha. Akaamua pia kwamba wateja watakaopita siku hizo atawapima tena, wachache tu, kwa ajili ya kuthibitisha. Mtu akihama nyumba huhesabu vyombo.

Wa kwanza kupita alikuwa Nesi, mteja wa tangu mwaka wa kwanza, amekuja kuleta kitambaa cha gauni la kustaafia.

"Simama hapo kidogo, Nesi, nikuguse na futi."

"Futi ya nini tena?" Nesi akashtuka. "Si tunapimwa mara moja?"

"Nathibitisha tu."

Tableti ilisema kiuno thelathini na nne. Futi ilisema thelathini na tisa. Fundi akapima mara ya pili, akapima mara ya tatu kwa kuibana mpaka Nesi akaguna. Thelathini na tisa. Muda wote huo Nesi aliikazia macho kalenda iliyokuwa ukutani, ya mwaka jana.

"Ile suti niliyokushonea mwisho, ilikukaa?"

"Fundi! Kama nilizaliwa nayo."

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka. Suti ile aliikata mwenyewe kwa thelathini na nne. Inakaaje kwenye thelathini na tisa kama mtu aliyezaliwa nayo? Nesi alipoondoka, akaishika futi yake kwa mashaka. Futi ya kitambaa huvutika ikizeeka, kila fundi anajua hilo. Akailaza juu ya rula ya chuma: imenyooka, haikuzidi hata nywele. Hata hivyo akaitupa, akanunua mpya, naye mwenyewe asijue kwa nini.

Kesho yake akapita Mwalimu Mkuu kuchukua suruali mbili. Tableti: thelathini na sita. Futi mpya: arobaini na mbili.

"Zile za mwanzo zilikukaa, Mwalimu?"

"Vizuri mno," Mwalimu Mkuu akajibu, akafunga koti haraka, akachukua suruali zake na kutoka bila kuaga vizuri, mtu ambaye kwa kawaida huaga mpaka unachoka.

Fundi akabaki ameduwaa na futi shingoni. Futi haidanganyi. Wateja wanasema nguo zinawakaa. Basi kilichobaki ni kimoja, na kadiri alivyokifikiria ndivyo kilivyozidi kumwingia akilini: ni tableti. Wameiacha, na sasa imeanza kuharibu vipimo. Inawapunguza watu wake kimyakimya, huyu inchi tano, yule inchi sita, mpaka mwisho wa mwezi wote watakuwa watoto wachanga. Akapiga simu kwa kampuni. Alisikiliza muziki mrefu, kisha msichana mwenye sauti ya asali akamkaribisha.

"Vipimo vyangu vinapungua," Fundi akasema.

"Pole sana, mzee. Tatizo ni la skrini, betri au chaji?"

"La viuno."

"Umejaribu kuizima na kuiwasha tena?"

"Nikiizima na kuiwasha, Nesi atarudishiwa inchi zake tano?"

"Naona hapa wewe ni mteja wetu wa daraja la dhahabu," msichana akasema, kwa furaha ya mtu aliyepata pa kushika. "Utapata punguzo ukinunua toleo jipya."

"Dada, sinunui. Nauliza. Kwa nini mmenibadilishia namba?"

"Namba hizo uliziandika mwenyewe?"

"Kwa kidole hiki."

"Basi hazibadiliki, mzee. Kifaa hakiwezi kugusa ulichoandika. Zitabaki vile vile ulivyoziweka siku ile. Je, kwa kiwango cha moja hadi kumi, umeridhika na huduma yetu?"

Fundi akakata simu. Alitamani mno kampuni iwe na hatia, na sasa hata hatia wamemnyima. Akampigia Nesi, akamwomba alete ile suti ya mwisho aiangalie. Nesi akasema imefuliwa. Akasema haijapigwa pasi. Halafu akasema sawa, akaileta ndani ya mfuko, akauweka mezani kama mtu anayeweka yai, akasema anawahi zamu.

Fundi akaitoa sketi ya suti ile, akaigeuza ndani nje.

Desturi yake ni kuacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, upana wa vidole viwili kila upande, jambo analojisifia kwa sababu mafundi wa siku hizi huacha kidole nusu. Ile ziada haikuwepo. Palikuwa na mstari wa vitundu vidogo pale sindano yake ilipopita zamani, na mshono mwingine nje yake, ukingoni kabisa mwa kitambaa. Umefumuliwa, ukaachiwa, ukashonwa upya. Tena kwa ustadi. Pindo la ndani lilikuwa limeshonwa kwa mkono, na kila mshono umelalia upande usio wake, kushoto kwenda kulia.

Fundi alimjua mtu mmoja tu anayeshona hivyo. Mashoto alijifunza kazi kwake miaka minne, akaitwa jina hilo humo humo ndani, kisha akaenda kufungua kibanda chake ng'ambo ya barabara, karibu na duka la vifaa vya shule. Tangu siku hiyo walisalimiana kwa shingo upande. Fundi akavuka barabara na sketi mkononi bila hata kuangalia magari.

"Shikamoo, Fundi," Mashoto akasimama.

"Marahaba. Huu mkono ni wa nani?"

Mashoto akaitazama sketi, akavua subana ya kushonea kidoleni. "Wangu."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu sasa."

"Nesi peke yake?"

Mashoto akatikisa kichwa.

"Yaani unaniibia wateja!"

"Ningekuwa nakuibia wangekuwa kwangu," Mashoto akasema, naye sasa amepandisha sauti. "Nimewaambia mara ngapi? Nawaambia shonesheni hapa hapa tangu mwanzo, mnahangaika mara mbili ya nini? Hawataki! 'Nguo zangu hushonwa na Fundi.' Kila mmoja anasema hivyo hivyo, huku tumbo limembana hawezi hata kukaa. Kwangu wanaleta za kufumua tu."

"Mbona hawakuniambia?"

"Wakwambieje? Nesi alikuja kwako kukwambia, mwenyewe kanisimulia. Ukamfungulia ile picha yake ya siku ya kwanza, ukamwambia hajabadilika hata chembe. Alikuja hapa anatabasamu, Fundi, na sketi hata haipiti mapajani."

Fundi alikumbuka. Alilisema hilo kwa kila mtu. Aliliona kama zawadi ya bure juu ya nguo. Hakuwa akiwavika kilemba cha ukoka, aliamini kabisa. Mtu unayemwona kila wiki humwoni anavyonenepa, na yeye kila alipotaka kumjua mtu alitazama mezani, kwenye picha. Akawa anatafuta neno la kumjibu Mashoto, macho yakitangatanga kibandani, ndipo yalipotua kwenye nguo zilizotundikwa nyuma ya mlango zikisubiri zamu.

Gauni la rangi ya kahawa yenye maziwa. Vifungo vyake alivivika kitambaa yeye mwenyewe, kimoja kimoja, na wiki iliyopita tu alilikunja akampa mkewe.

Mashoto alisogea kuliziba. Alichelewa.

"Na huyu?" Fundi akauliza kwa sauti ndogo.

"Huyu ndiye aliyetangulia," Mashoto akasema. "Wengine yeye ndiye aliyewaleta. Alisema usiumizwe."

Fundi alilichukua gauni, akalikunja kwa kufuata mikunjo ile ile aliyoikunja wiki iliyopita, akaenda nalo nyumbani. Njia nzima hakujua kama ana hasira au ana haya. Alipofika mlangoni alijua: ni haya, zile zinazochoma masikio. Miaka mitatu watu wazima, wenye kazi zao na majukumu yao, wamekuwa wakimbeba kama mgonjwa, wakipokezana, na yeye huko juu anapunga mkono.

Mkewe alikuwa jikoni akisuuza vikombe, jua la alasiri likipita dirishani. Aliliona gauni, akafunga bomba.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ulisema bado niko vile vile tangu mwaka tuliohamia nyumba hii." Akajifuta mikono kwenye khanga. "Ulivyofurahi ukisema! Ningeanzia wapi kukubishia?"

"Ungeanzia hapo hapo! Mimi ni fundi. Sasa mimi ni fundi wa nini?"

"Na mimi pia nilipenda kusikia," mkewe akasema. "Nisikufiche. Nilipenda."

Fundi akakaa kwenye stuli. "Sielewi. Kampuni nimeitumikia miaka tisa kwa ulimi wangu, imeniacha kwa mistari mitatu. Hawa nimewashonea nguo zisizowaingia, hawaondoki. Wanafuata nini?"

"Wengine waulize wenyewe. Mimi nakufuata wewe."

Hilo nalo hakulielewa sawasawa, lakini lilimtosha kuinuka. Akatoa futi mfukoni, akamzungushia mkewe kiunoni pale pale mbele ya sinki, taratibu kama mwanagenzi. Akasoma, na safari hii hakutia chumvi wala sukari.

"Arobaini na moja."

"Arobaini na moja," mkewe akarudia polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Midomo ilimcheza, Fundi akadhani analia, kumbe anacheka. "Haya. Lete hiyo futi. Zamu yako."

"Yangu ya nini? Suruali zangu najikatia mwenyewe. Thelathini na tatu tangu ujanani, naijua kwa kichwa."

"Na kifungo cha hiyo uliyovaa mbona hakijafungwa?"

Fundi alishusha shati haraka kulifunika jambo hilo, lakini mkewe alikwisha kumsogelea. Akapitisha futi mgongoni, akaileta mbele, akakutanisha ncha mbili juu ya kitovu. Fundi alisimama wima. Alitaka kabisa kuwa mkweli, aliapa moyoni kwamba atakuwa mkweli, na huku anaapa akajikuta amevuta tumbo lote ndani mpaka mbavuni, amebana pumzi, anaomba kimoyomoyo namba itoke nzuri.

Mkewe alisubiri. Alikuwa na subira ya miaka mitatu, dakika moja haikumshinda.

"Pumua, Baba," akasema.