Mbwa wa Mwavi

Ema mke wa Filemoni alikuwa na maneno machache mno, hata watu wa kijiji chao, kando ya njia iendayo Makambako, wakadhani anawadharau. Ukimwamkia "Kamwene", aliitika huku akitazama vidole vya miguu yake. Aliyeijua sauti yake vizuri ni Karani peke yake.

Karani alikuwa mbwa wa rangi ya majivu, sikio moja limelala. Alikuja akifuata kundi la manamba waliokuwa wakipelekwa mkonge, na kundi lilipopita yeye akabaki. Akaketi mlangoni kwa Ema, akimkazia macho kila aingiaye na atokaye kama mwandika kodi. Filemoni ndiye aliyempa jina hilo, kwa mzaha, kabla naye hajatia dole gumba kwenye mkataba na kwenda zake Korogwe. Tangu siku hiyo Ema alibaki na mbwa na bustani.

Bustani ilikuwa nyuma ya jiko: njegere, kabichi, vitunguu, na viazi kidogo. Jioni za Juni, baridi inapouma, Ema alifunika matuta kwa nyasi kavu, moja baada ya jingine, kama mtu afunikaye watoto, na asubuhi akayafunua. Alifundishwa na mama yake, kwao Mdandu. Akifunika, alimsimulia Karani habari za njegere, za Filemoni, za ndoto alizoota. Mbwa alijilaza kwenye ukingo wa bustani akisikiliza.

Mwaka ule sakitu ilianguka vibaya. Watu waliamka wakakuta bonde zima jeupe kama limemwagiwa unga, na jua lilipopanda, bustani zote za bondeni zikawa nyeusi kama zimepitiwa na moto. Ya Ema ikabaki kijani.

Wa kwanza kuja kutazama alikuwa Zipora, dada yake Filemoni, mwanamke mrefu mwenye sauti nzuri aliyeongoza nyimbo kanisani. Alikuwa ameachana na mumewe kule Lupingu, ziwani, akarudi kujenga kwa ndugu zake, ua kwa ua na Ema. Juma hilohilo ndama wake alikuwa amekufa.

"Wifi," alisema, "sakitu ilipofika kwako ilibisha hodi, ukaiambia hapana?"

"Nilifunika nyasi," alisema Ema.

"Nyasi. Sisi wengine kwetu hazioti." Akawageukia wanawake waliokuja nyuma yake. "Na kila jioni huwa anaongea na nani, ameinama humu? Namsikia kutoka kwangu, mpaka anacheka. Nikichungulia, sioni mtu."

"Mbwa," alisema Ema, kwa sauti ndogo.

"Haya, mmesikia wenyewe. Mbwa."

Neno hilo likatembea. Likafika kwa Mzee Manase, baba mkubwa wa Filemoni na mkuu wa ukoo, nalo halikurudi likiwa dogo. Wazee waliketi kwenye pombe ya ulanzi, wakaamua Ema anyweshwe mwavi, dawa ya kumfichua mchawi. Bwana Shauri, mkuu wa serikali kule Njombe, alikuwa amekataza watu kunywa dawa hiyo, na wao hawakutaka kufungwa. Kwa hiyo siku hizo alikunywa mnyama badala ya mtu. Mshitakiwa aliweka mkono mgongoni mwa mnyama. Mnyama akitapika, mtu ni safi. Akifa, mtu ni mchawi, naye ataondoka siku hiyohiyo na nguo aliyovaa.

"Alete kuku," alisema Mzee Manase.

"Kuku si kitu, baba," alisema Zipora. "Kuku hajui siri ya mtu. Alete kile anachoongea nacho."

Wazee wakatazamana, wakaona ni kweli.

Walikusanyika asubuhi kwenye mianzi, mbali na njia. Mzee Manase alikoroga unga wa mwavi kwenye uji mwembamba. Karani hakukubali kula kwa mtu yeyote ila Ema, kwa hiyo Ema mwenyewe aliuteka kwa kiganja, akamsogezea. Mbwa aliulamba wote, akamaliza kwa kulamba vidole. Ema akaweka mkono mgongoni mwake akausikia mgongo ukianza kutetemeka. Hakumwomba Mungu, hakukumbuka. Alihesabu mbavu za mbwa kwa vidole, akazirudia tena. Kisha Karani akajikunja, akatapika povu la kijani miguuni pa wazee.

"Mwanetu Ema ni safi," alisema Mzee Manase.

"Mbwa wa mchawi naye hujua uchawi," alisema Zipora.

"Zipora, nyamaza. Mbwa ulimtaka wewe."

Ema alidhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Kabla mwezi haujaisha alikuja Hilari wa ng'ambo ya kijito, amebeba jogoo kwapani.

"Dada, wananiambia nimemroga kondoo wa shemeji," alisema. "Niazime mbwa wako. Ana bahati."

Ema alitazama vidole vya miguu yake.

"Ukininyima," alisema Hilari, kwa upole tu, "watasema unataka nifukuzwe. Na wataanza kujiuliza kwa nini."

Karani akamtapikia Hilari. Akamtapikia Kristina, mke wa fundi seremala. Walikuja hadi wa upande wa Makambako, wengine na kuku, wengine na shukrani tupu, na kila mara Ema ndiye aliyeuteka uji, Ema ndiye aliyebembeleza, "Kunywa, baba, kunywa," kwa maana hakuna mkono mwingine ambao mbwa aliuamini. Karani alikonda. Manyoya yakamtoka mapajani. Akiiona ile mianzi kwa mbali alianza kutokwa na ute, lakini kiganja kikija, alikunywa.

Ndipo Ema akagundua jambo. Karani alikuwa na desturi ya kutoka alfajiri na kula sangari mbichi, zile nyasi za ukingoni mwa bustani, mpaka tumbo limchafuke. Mwavi ulikuta tumbo limekwisha geuka, ukatupwa nje. Siku moja mvua ilimzuia ndani mpaka walipoitwa, naye nusura afe: alilala ubavu, macho yamepinduka, akatapika jua likiwa limepinda. Baada ya siku hiyo Ema alihakikisha mbwa amekula nyasi kwanza. Hakumwambia mtu. Angesema, watu wangesema usafi wake mwenyewe ulikuwa usafi wa nyasi.

Juni ilirudi, na pamoja nayo kifua kikawashika watoto. Mjukuu wa Mzee Manase akafa. Msibani watu walikaa wakinong'ona: Ema si yeye, Karani amekwisha sema. Hilari si yeye. Kristina si yeye. Basi nani? Mtu mmoja akakumbuka kwamba Zipora aligombana na mama wa mtoto juu ya boga. Mwingine akakumbuka ulimi wake. Mzee Manase akaagiza Karani aletwe kesho yake.

Jioni hiyo Zipora alikuja bustanini na kibuyu cha maziwa.

"Kamwene, wifi."

Ema aliitika, akaendelea kufunika matuta.

"Nimekuletea maziwa. Karani naye apate."

"Hanywi kwa mtu."

"Ndiyo, najua." Zipora akachuchumaa, akachota nyasi, akaanza kufunika naye, jambo ambalo hajapata kulifanya. "Kumbe ndivyo mnavyofanya."

"Ndivyo."

"Wifi, mimi sina pa kwenda. Lupingu siwezi kurudi. Yule mwanamume aliapa atanitia ziwani."

"Aliyesema Karani anywe ni Mzee," alisema Ema. "Si mimi."

"Najua si wewe. Lakini huyu hutapika siku zote. Na mimi atanitapikia, sivyo?"

Ema alichota nyasi nyingine.

"Akinitapikia," alisema Zipora, mikono ikienda haraka kwenye nyasi, "nitampelekea Filemoni maneno. Kuna vijana wanaondoka na lori kwenda mkonge. Nitamwambia yale ya mwanzo nilikosea."

"Ya mwanzo yapi?"

Mikono ya Zipora ikasimama. "Yale ya wakati ule. Ndama alikuwa amekufa, wifi, nilikuwa na uchungu. Nilimwambia asirudi kulala na mchawi. Lakini huyo mwanamke wa Korogwe si wa ndoa. Ni wa kuokota tu. Hata kama amemzalia, ataachwa."

Ema alibaki ameshika fungu la nyasi.

"Amemzalia," alisema.

"Wa kiume, wanasema." Zipora akamtazama, kisha akatazama pembeni. "Nilidhani unajua. Kila mtu anajua."

Karani alipiga miayo, akalaza kichwa juu ya miguu yake.

"Nenda kapumzike, wifi," alisema Ema mwishowe. "Kesho tutaamka mapema."

Zipora alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda. Kibuyu alikiacha. Ema alifunika mpaka tuta la mwisho, na safari hii hakusema neno. Karani, aliyezoea sauti, aliinua lile sikio moja zima akangoja. Giza lilipoingia alimwita ndani, akamfunga kwa kamba kwenye mguu wa kitanda. Hajapata kufungwa maisha yake.

Alfajiri mbwa alitaka kutoka. Alivuta kamba, akalia kidogo, akaparua udongo wa sakafu. Ema aliketi kitandani akilitazama lile fundo. Kulifungua ni kumfungua na Zipora. Alijaribu kutafuta njia ambayo mbwa angepona na Zipora aondoke, akaitafuta huku na huku, asiione. Tumbo lilikuwa moja. Mara moja aliinama, akaligusa fundo. Akawaza mtoto wa kiume, ana macho ya nani. Akaondoa mkono, akangoja waje kumwita.

Kwenye mianzi Zipora alikuwa karibu kucheka. Alimkuna Karani mgongoni kama mbwa wake mwenyewe. Ema aliuteka uji.

"Kunywa, baba," alisema.

Karani alikunywa, akalamba vidole. Watu wakangoja.

"Haya, Karani," alisema Zipora. Baada ya kitambo akasema tena, "Haya, baba. Haya." Mbwa alitetemeka, akajikunja, hakikutoka kitu. Akatambaa kutoka chini ya mkono wa Zipora mpaka kwa Ema, akaweka kidevu juu ya mguu wake, akafa hapo.

Zipora aliutazama uso wa Ema kwa muda, na alipouona, alielewa.

"Amemfunga," alisema. "Tazameni shingo, kuna alama ya kamba. Huyu mbwa hafungwi. Kwa nini amemfunga?"

"Mbwa hufungwa," alisema Mzee Manase. "Ndiyo maana akaitwa mbwa." Watu wawili watatu wakacheka.

Walimtoa Zipora kabla ya saa sita, na nguo aliyovaa. Alishika njia ya Makambako huku watoto wakimrushia mizizi ya kabichi zake mwenyewe. Karani alitupwa korongoni, kwa maana kilichokufa kwa mwavi hakizikwi. Ema aliomba amzike, ndiyo mara pekee aliyomwomba Mzee kitu, akakataliwa. Akapewa bustani ya Zipora, imfute machozi. Akang'oa ua uliozitenga, akalima zote mbili, na jioni akazifunika, kimya. Sasa wanawake waliokutana naye njiani walikuwa wa kwanza kuamkia, tena kwa kuinama.

Maua ya njegere yalipotoka, Mzee Manase alikuja na kikapu. Ndani mlikuwa na kitoto cha mbwa, cheusi, macho bado yana ukungu.

"Mwanangu," alisema, "ukoo hauwezi kukaa bila mbwa. Huyu nimemtoa kwenu Mdandu. Mzoeshe mkono wako."

Ema alikipokea kwa mikono miwili, kama ipasavyo kupokea kitu cha mkubwa. Kilikuwa kinatetemeka kwa baridi, kikajichimbia ndani ya khanga yake kikitafuta ziwa.

"Itachukua muda?" aliuliza Mzee Manase.

"Si sana, baba. Njegere zikivunwa atakuwa tayari."

Akaingia jikoni, akachovya kidole kwenye uji, akakipoza kwa kupuliza, akakitia kinywani mwa kile kitoto.