Saa ya Kuzamia

…maana zilifanana, hapo ndipo balaa ilipoanzia, zingetofautiana hata kidogo Nyiramahirwe angejua la kufanya, lakini saa zote mbili zililala juu ya meza ya duka zikiwa na uso mweusi uleule, namba nene zilezile, pete ileile ya chuma inayozungushwa kwa kidole, na zote zilikuwa zinatembea, na Papa Sikuli, mfanyabiashara asiye na maneno mengi, alikuwa amekwisha kumwambia bila kumficha kitu, "Mama, hii ya kuume ni ya kweli, muzungu mumoja aliiacha akirudia kwao, ile ya kushoto ni ya kuiga, ilipitia mpakani Bunagana pamoja na vitambaa," na bei nayo hakuificha, ya kuiga angeitoa kwa maharagwe ambayo Nyiramahirwe aliyaweka nyumbani kungoja msimu, na ya kweli kwa Bihogo, ng'ombe wake, ng'ombe wake wa pekee, kwisha maneno, na alipouliza hiyo ya kuiga ikiingia majini inakuwaje, Sikuli alijikuna shingo, "Inaweza kuingia leo, kesho, juma muzima, haina neno, halafu siku moja inasimama," siku gani, mama akauliza, "Ile sasa, mama, mimi sijui," na alipomwomba azitie zote mbili kwenye ndoo wajionee, akacheka, "Ikikufa mu ndoo yangu, nani atailipa?", na kweli, nani… ajabu hii, saa ya kwenda majini ambayo hata mwenye duka anaogopa kuilowesha, na mwanawe Rémy keshokutwa atashuka nayo chini ya bandari, gizani kule, kufunga kamba kwenye mashine za kahawa zilizozama na mashua, na chupa ya hewa mgongoni kama mama aliyebeba mtoto, na chupa yenyewe haisemi inapokaribia kwisha, Rémy ndiye aliyemweleza huku akimenya kiazi, "Mama, kule chini hewa haipigi kelele, inaisha tu, saa njo inaniambia panda," alisema kama anayesimulia habari za mtu mwingine, akaomba chumvi.

Kwa watu wa kwao maji ni ya ng'ombe kunywa, huko milimani Masisi nani alijua kuogelea, nani alitaka kujua, lakini huyu mtoto tangu zamani ziwa lilikuwa linamwita, mwaka ule moto wa mlima uliposhuka ukaingia ziwani upande wa Sake, samaki wakaelea wameiva tayari, wakubwa wamesimama mbali wanasali, yeye akawa anakimbilia kwenye mvuke na kikapu, na Nyiramahirwe alimfuata mbio akamkamata sikio, akamrudisha nyumbani kwa sikio hilohilo, akilia mama na akilia mtoto… sasa sikio liko juu, halifiki tena, na hata likifika huwezi kumvuta mwanamume mwenye mke mbele ya wenzake wa kazi, na mshahara wa kuzama si wa kubeba magunia, hilo nalo ni kweli, nyumba ile imepata bati kwa sababu ya maji. Mwanzoni mkubwa wa kazi alikuwa anamwazima saa yake mwenyewe, mzungu mwenye roho nzuri, akirudi kwake mtaani Himbi jioni anaivaa, asubuhi anaitoa, kisha akarudi Ulaya nayo mkononi, akaja mwingine aliyesema kampuni inatoa chupa, haitoi mapambo, mapambo, alisema hivyo, na juzi Nyiramahirwe akiwa anachambua maharagwe alimsikia Rémy nyuma ya nyumba anamwambia mkewe, "Léocadie, nitanunua ile ya kuiga, ngombe ya mama isiguswe," na Léocadie akamhamisha mtoto titi lingine, na mama gani asikie hivyo aendelee kuchambua maharagwe, ndiyo maana amekuja, amekuja peke yake, amevaa kitenge kizuri kana kwamba anakwenda misa.

"Mama, natumikia huyu kwanza," Sikuli alisema, kwa kuwa Henriette wa jirani alikuwa ameingia kutaka chumvi, akamsalimu, "Mama Rémy, unanunua saa?", Nyiramahirwe akaitika ee, ee, akimwomba Mungu asiulizwe zaidi, na Mungu akasikia, Henriette akaanza kulalamikia mizani… ukoo wa Bihogo, mumewe marehemu Hitimana aliupata kwa urafiki, hakuununua, Ntirenganya alimpa ng'ombe siku walipopatana kuwa ndugu, na kuanzia hapo mumewe hakuapa kwa kitu kingine, "haki ya Ntirenganya aliyenipa ng'ombe," hata akibishana juu ya mvua alikuwa akiapa hivyo, na huyu Bihogo ni uzao wa yule, sasa atakwenda kumwambia nini mzee Ntirenganya, nimembadilisha na kitu cha kufunga mkononi, naye atauliza kinatoa maziwa… na maziwa ndiyo neno lenyewe, maana Léocadie kifua chake hakitoshi, mjukuu Mukakalisa ana miezi michache na anakua kwa maziwa ya Bihogo, mashavu yote yale ni Bihogo, basi bakisha ng'ombe, akili ilikuwa inamwambia tangu asubuhi, bakisha ng'ombe, mwanamke, saa ni chuma tu, ya kuiga nayo inatembea, huisikii, ng'ombe ni ng'ombe, mtoto atakunywa nini, Léocadie ataegemea wapi, na wewe mwenyewe uzeeni utashika nini… utashika nini, akairudia polepole, na kwa mara ya kwanza akaisikiliza sauti ile mpaka mwisho, akaiona nyumba iliyokuwa ikimpangia, ng'ombe yuko uani, Mukakalisa anakunywa, Léocadie amekaa mlangoni, yeye mwenyewe na fimbo yake, wamejipanga vizuri, wanaishi, na Rémy hayumo. Hakuwamo popote. Tangu asubuhi alikuwa amemzika mwanawe na kugawa maziwa ya matanga, akaita hiyo akili.

Akauelekeza mkono upande wa kuume, mkono ukakataa kwenda, kwa sababu ya kweli nayo inasema saa tu, haimvuti mtu juu, na ziwa halijawahi kuulizwa linapenda ipi, na akimpa ya kweli itakuwa ni yeye mama aliyemwambia nenda, nimekufungia mkononi, nenda, na akimpa ya kuiga amekwisha kumlilia, na akirudi mikono mitupu Rémy atashuka vilevile, atashuka, hakuna duka linalouza hilo la asishuke. Alitamani kukaa chini pale sakafuni kati ya magunia. Henriette alikuwa amelipa, ameaga, jua la mlangoni limemmeza, na Papa Sikuli alijipangusa chumvi kwenye suruali, akarudi mezani, akasogeza saa zote mbili mbele yake kidogo kwa heshima.

"Sasa, mama. Utakamata gani?"

Zote mbili zilikuwa bado zinatembea.